Baba alivyolianika tumbawe langu juani kama wavu

Wakuu, habari za muda huu. Haya yametokea nyumbani kwangu Kamunyonge, Musoma, na sijaongeza chumvi. Chumvi yote ipo kwenye tank.

Ndiyo, nafuga tumbawe la baharini kwenye tank ya kioo sebuleni, jirani kabisa na ziwa. Chekeni kwanza, tuendelee.

Mfugaji mwenzangu wa Dar alinikatia kipande cha tumbawe laini toka kwenye tank yake. Lina umbo la uyoga, juu limejaa vinyweleo vinavyocheza na maji. Mara mojamoja hujifunga siku kadhaa, linajivua utando, halafu linafunguka. Hilo nalijua. Ila likijifunga, chakula hakinishuki.

Sasa, Baba yangu ni mvuvi wa kisiwa cha Rukuba. Presha ilimwangusha, nikamleta kwangu awe karibu na hospitali. Mji hakuupenda, kochi hakulipenda. Kilichomtuliza ni tumbawe tu. Anavuta kiti, anakaa nalo kutwa, na dawa anakunywa bila ugomvi.

Wiki iliyopita likajifunga, utando ukaanza kutoka. Nami nikawa na kazi Bunda. Narudi mchana, tumbawe halipo!

Baba akaniambia kwa furaha kabisa, "Lilikuwa limeshika utelezi. Nyavu zikishikaga utelezi tunaanikaga juani. Nimelitoa sasa hivi."

Wakuu, nililikuta nyuma ya nyumba, katikati ya dagaa wa mke wangu, limesinyaa.

Nikampigia Baba kelele. Sijawahi maishani.

Nikalirudisha majini. Yeye akaingia chumbani, na kesho yake kiti hakukigusa. Akafunga begi.

"Nirudishe kisiwani. Hapa naharibu vitu vya watu."

Vya watu! Mimi mwanae. Iliniuma sana. Na kule hakuna wa kumkumbusha dawa.

Nikawa situlii. Naangalia tank, nazunguka sebuleni, narudi kwenye tank. Mke wangu akachoka: "Baba Neema, mgonjwa wako yuko chumbani."

Nikaenda nikamwomba radhi. Nikamweleza kwamba tumbawe linajivua ngozi, na linachotaka ni maji yapite juu yake utando utoke.

"Kama kusuuza wavu," akasema.

"Hivyo hivyo, Baba."

Akaja, akaosha mkono, akauingiza kwenye tank akawa anasukuma maji polepole. Utando ukatoka.

Mpaka leo halijafunguka, na roho yangu iko juu juu. Ila asubuhi kanipigia simu kazini: "Pitia famasi, dawa zangu zinaisha. Siwezi kuliacha jiwe letu likiwa hivi."

Nilichojifunza: mzazi ukimweka karibu na kitu unachokipenda, mweleze kinaishije. Usimwachie akisie.

Wazoefu, tumbawe laini lililopigwa jua kidogo huchukua muda gani kufunguka? Naombeni majibu ya kweli. Jioni nikifika tu Baba ataniuliza mmesemaje.