Mama Aomba Kitabu cha Muuguzi

Kazi yangu ni kuandika vitabu ambavyo hakuna anayevisoma mpaka kitu kiharibike. Mimi ni Mkenya, mmoja wa wengi walioifuata kazi Kampala, na ofisi yetu iko Kabalagala, juu ya mkahawa unaokaanga chipsi tangu asubuhi. Tunauza mashine za oksijeni, zile zinazovuta hewa ya chumbani, kuichuja na kumpelekea mgonjwa kwa mrija wa puani. Maelezo ya kuzitumia ni yangu.

Watu hudhani ninaandika vitabu vitatu. Ninaandika kimoja. Kila aya naipa lebo inayosema ni ya nani: mgonjwa, muuguzi au fundi. Wakati wa kuchapisha namchagua msomaji, na kompyuta inaondoa yote yasiyomhusu. Fundi anapata nyaya na skrubu zake. Mgonjwa anaambiwa namna ya kuosha kichungi na kwamba asikae karibu na sigiri ya makaa. Aya isiyo na lebo inaingia kote. Naipenda kazi hii na ninajivunia, tena sana.

Kisha mama yangu akaja kutoka Busia kutibiwa mapafu. Hospitali ilipomruhusu, alikuja kukaa kwangu Nateete akiwa na mashine, na ilikuwa mashine yetu yenyewe. Alikuwa na swali moja tu: atarudi lini kwake? Kuku alikuwa amewaacha kwa jirani, na mahindi yalikuwa shambani. Kabla hatujaondoka hospitalini, daktari alinijibu mimi, ukumbini, kwa sauti ya chini: mapafu yale hayatapona. Mama aliambiwa apumzike na ale vizuri. Nami nikanyamaza, nikijiambia kwamba ni huruma.

Mama alikuwa mwalimu kabla ya kustaafu. Kitabu kilichokuja na mashine alikisoma chote, jalada hadi jalada, jambo ambalo sijawahi kusikia mteja akilifanya.

"Hiki umekiandika wewe?" aliniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Kimenyooka. Lakini kila mahali naambiwa nimuulize muuguzi. Yeye muuguzi anaangalia wapi?"

"Ana kitabu chake."

"Basi niletee hicho."

Ofisini nilimweleza fundi wetu, Mganda mpole ambaye ndiye aliyeifunga mashine pale nyumbani. Alitikisa kichwa.

"Usimupe, nyabo. Hiyo kitabu ya musawo iko na maneno ya kuogopesha. Mama atakufa na mawazo bule."

Aya aliyokuwa akiifikiria naijua kwa moyo. Niliketi mbele ya kompyuta nikaitazama. Ningebadilisha lebo yake tu, ingetoweka, na kitabu kingeonekana kizima. Hapo hasira ikanipanda. Mwanamke aliyenifundisha kusoma nimkatie kurasa? Nilikichapisha kama kilivyo, nikakitia mkobani, na njia nzima nikaomba asikifungue.

Alikifungua kabla sijavua viatu. Nilikuwa jikoni nikipasha maharagwe moto aliponiita, akaisoma aya ile kwa sauti, polepole, kama mwalimu anayesomea darasa: "Mgonjwa wa aina hii akianza kuhitaji kipimo cha juu cha oksijeni hata akiwa ameketi, ieleze familia kwamba mashine inamsaidia kupumua lakini haitibu mapafu. Wasaidie kujiandaa."

Akageuka kukitazama kipimo cha mashine. Tangu aje, muuguzi anayemtembelea nyumbani alikuwa amekwisha kukipandisha mara mbili. Akavua miwani.

"Kwa hiyo sirudi kuvuna."

Nilitaka kumwambia tusubiri, daktari ataona, Mungu yupo. Maneno yote hayo ninayo.

"Sidhani, mama."

Nikalia. Yeye hakulia. Aliniacha nilie nimalize, mashine ikinguruma kati yetu, kisha akasema maharagwe yanaungua, na kweli yalikuwa yanaungua. Niliporudi alikuwa na mipango tayari: kuku wabaki kwa jirani moja kwa moja, na mahindi yavunwe na nani. Mahali atakapozikwa alipataja kama anayenituma dukani. Aliniuliza pia tangu lini nilikuwa najua. Nilipomjibu alininunia, akala nusu sahani bila kunitazama. Nilistahili.

Tukiwa bado mezani, simu ikaita. Ilikuwa dada yangu kutoka Busia, ambaye hupiga kila jioni kuuliza hali ya mama na huanza kulia kabla hajajibiwa. Nilimtazama mama.

Alikuwa amekwisha kurudisha miwani usoni na kukiweka kitabu cha muuguzi chini ya mto wa kiti chake.

"Huyo ana moyo mwepesi," alisema. "Mpe kile cha mgonjwa."

Nikapokea simu, nikamwambia dada yangu kwamba mama anapumzika na anakula vizuri.