Ulezi Kwenye Majani ya Mgomba

Ulezi wa kwanza ulioza. Niliuloweka, nikauchuja, nikaufungia kwenye ndoo ya plastiki kwa haraka zangu za mjini, na nilipofunua nikakuta ukungu wa kijani na harufu ya soksi. Nikaumwaga nyuma ya nyumba. Hata kuku wa jirani waliupita bila kuutazama.

Sikuwa nimepika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, tangu nilipohamia Olasiti. Nilipokuwa msichana, kwetu juu ya Maji ya Chai, kazi hiyo ilikuwa ya mama na mimi: yeye mpishi, mimi wa kuchota maji na kugombezwa. Nimeirudia sasa kwa sababu moja tu. Mama, ambaye siku hizi naishi naye, ameanza kunisahau. Alianza na majirani, wakafuata wajukuu, na asubuhi moja nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia "Marahaba" kwa adabu ile anayowapa watu wa dukani. Nikajiambia labda ulimi wake bado unakumbuka. Akiipata mbege yake mdomoni, atanijua. Ni ujinga, lakini sikuwa na kingine cha kushika.

Ulezi wa pili niliulaza kwenye majani ya mgomba, nikaufunika kwa gunia bichi, nikawa naunyunyizia maji na kuugeuza kwa vidole kama alivyokuwa akifanya yeye. Ukaota vizuri. Nikauanika, nikausaga kimea, nikapika uji wake. Halafu, kwa pupa, nikaumimina ukiwa bado wa moto kwenye maji ya ndizi nilizochemsha. Pombe ikafa pale pale. Haikutoa povu, haikuchachuka, ikabaki tamu tu kama juisi ya mgonjwa. Nililia kwa hasira, maana mtu mwenye jibu alikuwa sebuleni anakunja na kukunjua taulo moja.

Nikaenda kumuuliza. Akanijibu kwamba mambo ya pombe hayajui, yeye ameokoka. Mama yangu huyo, aliyekuwa akiwanywesha wazee wa usharika kila baada ya ibada! Nilicheka mpaka nikalazimika kutoka nje, na huko nje kicheko kikageuka kilio.

Safari ya tatu niliuacha uji upoe mpaka mkono ukae ndani bila kushtuka. Ndipo nikachanganya. Kesho yake povu lilikuwa limepanda, na nyumba nzima ikanuka jiko letu la zamani.

Kwetu anayekukaribisha pombe huionja kwanza mbele yako, uone kwamba haina sumu. Hiyo ni kwa wageni. Watu wa nyumba moja hawasumbuani hivyo, na mama ndio kabisa: nilipoanza kupika mwenyewe, alikuwa akininyang'anya kata ya kibuyu kabla sijapuliza povu, anakunywa, anafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, anatoa kasoro. Kimea kidogo. Ndizi hazikuiva. Umekoroga kivivu. Sijawahi kumsikia akiisifu mbege yangu hata siku moja, na nilikuwa nikinuna sana.

Jumapili baada ya chakula nikajaza kata, nikampelekea kwenye kiti chake cha dirishani. Akainusa. Macho yakamchangamka, naapa, na akaipokea kwa mikono miwili. Akaifikisha karibu kabisa na mdomo, kisha akasita, akanitazama usoni kwa muda, akanirudishia kwa upole.

"Onja kwanza wewe," akasema.

Mila aliikumbuka barabara. Nikaonja mbele yake, nikamrudishia kata. Akanywa yote bila kupumzika, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Nikasimama pale nikisubiri kasoro. Ningeshukuru hata kwa moja.

"Nzuri sana," akasema. "Ubarikiwe."