Pikipiki Isiyo na Klachi

Shule niliiacha darasa la nne, lakini pikipiki niliijua kwa mchana mmoja. Kabla ya alasiri nilikuwa nimeuzunguka mtaa wetu wote wa Mpumudde bila kuanguka. Sifa nyingi ni zangu, lakini hata kile kipikipiki changu chekundu kilikuwa na adabu. Hakina klachi ya mkono. Unaachia mafuta, yaani unalegeza mkono injini itulie, unakanyaga gia, unaachia mguu polepole, kinaondoka. Anayejua baiskeli anakijua.

Vita vilikuwa bado kaskazini mwa Mbale. Pikipiki kubwa zote jeshi lilikuwa limezichukua. Mimi nilifunga magunia ya mukene, wale dagaa wa ziwani kule Wanyange, nikawapeleka Mbale wakati wenzangu wameketi nje ya msikiti wakinicheka kwamba napanda mbuzi. Mbuzi huyo ndiye alikuwa mtaji wangu wote. Akienda, narudi kusukuma mikokoteni ya watu.

Siku moja, kwenye kizuizi cha mwisho kabla ya Mbale, afande mmoja mnene kama kabati akaniambia nishushe mizigo, serikali inahitaji usafiri. Nikashusha magunia, nikampa ufunguo. Utabishana na bunduki? Akapanda, akawasha. Mkono wake wa kushoto ukatafuta, ukashika hewa.

“Klachi iko wapi?”

“Afande, hii haina.”

“Umeuza?”

Askari wenzake wakaanza kukohoa kohoa. Nilimweleza aachie mafuta kwanza, lakini yeye alizoea pikipiki za jeshi, hakuwa mtu wa kufundishwa na muuza samaki. Akavuta mafuta mpaka mwisho, akakanyaga gia, akaachia mguu ghafla. Kile kidogo kikaruka mbele, kikamwacha ameketi juu ya mukene wangu.

Sikucheka. Nina akili.

Alijikung'uta magamba taratibu. “Chukua mbuzi wako, bwana. Hii si mashine, ni ugonjwa.”

Nikakiinua, nikafunga magunia, nikaondoka mbele yao laini kama maziwa. Tangu siku hiyo, kila waliposikia mlio wa kipikipiki changu tu, waliinua mti wa kizuizi wenyewe.

Hivyo ndivyo nilivyoilisha Mbale mpaka amani ikarudi, na leo nina duka langu kule mtaa wa viwanda. Kile chekundu kiko mlangoni, hakiuzwi. Anayetaka kujifunza nampandisha bure, na neno la kwanza ninalomwambia ni lile afande alilokataa kusikia: achia mafuta.