Ndege Aliyetamka Vizuri Mno

Enzi zetu hema halikuwa na zipu. Lilikuwa magunia ya sukari kutoka Awendo, yameshonwa pamoja na kufungwa juu ya miti minne, kando ya kinamasi pale Mto Kuja unapokaribia ziwa. Wa rika langu mnanielewa. Watoto wa siku hizi ukiwatajia kambi, swali la kwanza ni simu itachajiwa wapi.

Kila likizo ya Agosti, Baba alienda huko kukata mafunjo ya kusukia mikeka, na kaka yangu Ochieng' aliandamana naye. Walirudi wananuka moshi na matope, Ochieng' akiringa utadhani ametoka Ulaya. Alinisimulia kamongo, yule samaki wa matopeni, wa kuchoma, chai ya turungi isiyo na maziwa iliyochemshwa kwenye mkebe, na ndege wanaoanza kulia kabla jua halijatoka. Mimi nilibaki. Msichana kwetu alilala kwa nyanya yake, basi, hakuna mjadala. Niliumia jamani! Nilitaka safari ile kuliko nguo ya Krismasi.

Lakini ndege niliwajua. Nikienda kuteka maji asubuhi niliwasikiliza hadi mtungi ukafurika. Kulikuwa na okok, yule mweupe anayefuata ng'ombe, na nyamnaha anayepita angani akigomba kama shangazi aliyeachwa na basi. Korongo mwenye taji kichwani tulimwita ongowang', na jina hilo amejipa mwenyewe, kwa sababu ndivyo anavyolia.

Nilipofika darasa la tano nikaomba ruhusa mbele ya wote, tukiwa tunakula. Mama aliacha ugali mkononi.

"Baba Ochieng', huyu ni msichana! Nani atamwoa akinuka kamongo?"

Baba alikuwa msomaji wa Biblia kanisani kwetu, na alipenda kila jambo liamuliwe kwa haki. "Kesho asubuhi tutamfunga leso machoni," akasema. "Akitambua kila ndege kwa sauti, atakuja. Akikosea hata mmoja, asiniulize tena."

Asubuhi tukashuka kisimani, pale mkia wa kinamasi ulipogusa shamba letu. Mama mwenyewe ndiye aliyenifunga leso, na aliikaza kweli kweli. Nikasikia nyamnaha, nikamtaja. Nikasikia okok akikoroma majini, nikamtaja. Kisha ndani ya mafunjo kukatoka sauti: "Ongowang'! Ongowang'!"

"Hiyo ni rahisi," Ochieng' akaninong'oneza.

Nikatega sikio tena. Nikikosea hapo, kinamasi nitakisikia kwa hadithi tu maisha yangu yote. Lakini kuna kitu kilinikera. Ongowang' wa kweli humeza mwisho wa jina lake. Huyu alitamka kila herufi, taratibu, kama anasoma waraka kwa Wakorintho.

"Huyo si ndege," nikasema. "Huyo ni Baba."

Yawa! Mama alicheka hadi akaketi chini. Nilipovua leso nikamwona Baba akitoka mafunjoni, matope hadi magotini, amenyoosha mkono kunisalimia kama mtu mzima.

"Kachukue blanketi lako," akasema.

Nililala kinamasini likizo ile na zote zilizofuata, na mpaka leo natembea kifua mbele nikikumbuka. Kamongo nilimla, moshi nikanuka, na mume nikapata. Baba alitufundisha kukata mafunjo bila kugusa viota, na alitufundisha kumwita ongowang'. Ochieng' aliiga mwito wa Baba vilevile ulivyokuwa, pamoja na kasoro yake.

Baba hayupo tena. Agosti iliyopita nilitoka Homa Bay na binti yangu Atieno, tukapiga kambi palepale pamoja na Ochieng', ambaye sasa kichwa chake ni cheupe kama okok. Atieno alikuja na hema la zipu, darubini, na simu inayosikiliza ndege na kuandika majina yao. Sisi tulikuwa na masikio tu, na yalitutosha.

Asubuhi, chai ikiwa motoni, sauti ikatoka mafunjoni. Simu ikaandika: korongo taji. Atieno akaruka kwa furaha.

Mimi nikageuka kutazama gogo alilokuwa amelikalia Ochieng'. Lilikuwa tupu. Sauti ikaja tena, taratibu, kila herufi mahali pake, hadi ile ya mwisho. Machozi yakanitoka huku nacheka.

"Huyo si ndege, mwanangu," nikamwambia. "Huyo ni babu yako."