Mkata Chuma wa Nyumbani Kwetu

Mkaza mwanangu hukata chuma. Mitambo ya mafuta iliyostaafu huko baharini huvutwa hadi karakana ya ufukweni, naye huikata vipande kwa moto wa gesi. Kabla ya kuwasha, hugonga bomba kwa nyundo, hutega sikio asikie kama kuna mafuta yaliyobaki ndani, kisha husema, "Hodi!"

"Vipi dada, hawajakufungulia?" wenzake humtania. Yeye hugonga tena. Mikono yake imejaa makovu madogo kama punje za ufuta. Wageni wangu wakija, huificha chini ya meza kwa kunistahi.

Jana alijaribiwa kwa ajili ya kikosi cha kukata mitambo hukohuko baharini. Nilikwenda nimevaa vizuri, maana jina la ukoo wetu lilikuwa juu ya ngazi aliyopanda kuukata mtambo. Moto ukashuka bila kuyumba. Mguu wa mtambo ukainama, ukanguruma, ukalala palepale alipopachora kwa chaki.

"Umepita!" msimamizi akapaza sauti, kisha akanigeukia. "Mama, kazi ni nyingi, watu hawatoshi. Kwenu wamebaki wengine kama huyu?"

Hajafunga mdomo, nilikwisha kumtajia binti zangu wote wawili, hata yule karani wa benki.