Daraja la Kofia

Sifa ni kwa Mungu aliyetuvusha mito mingi, mingine haina hata daraja.

Enzi zetu, mto Kathita tuliuvuka juu ya gogo lenye utelezi. Mvua kubwa ikija, gogo husombwa, nasi tunakaa nyumbani kuwakatia mbuzi majani huku wenzetu wa ng'ambo wakisoma. Mama alisema, "Maji hayajui mtoto wa nani." Kwa hiyo daraja jembamba la mbao lilipokamilika, tulioga hadi nyuma ya masikio.

Mbunge wetu tulimwita Kofia, maana hakuivua hata kanisani. Alitangaza, "Mguu wa kwanza hapa ni wangu. La sivyo, halifunguliwi!" Akakata utepe, akaanza kuvuka akipunga mkono, chifu nyuma yake, na sisi wanakwaya wa shule nyuma ya chifu.

Alipofika katikati, akatokea mama mmoja upande wa pili, mkungu wa ndizi mgongoni, kamba kwenye paji la uso, ameinama. Anakwenda zake sokoni. Alikuwa mama mkwe wa Kofia!

Vijana wa leo hamtaelewa. Wakati ule mtu hakukutana uso kwa uso na mama mkwe njiani. Uliingia kichakani akapita. Sasa darajani kichaka kiko wapi?

"Songa, Mheshimiwa," chifu akanong'ona.

"Nisonge wapi? Huyo ni mama wa mke wangu!"

"Basi rudi."

"Nirudi vipi, na umenikanyagia koti?"

Mama akainua macho. "Uui! Mwanangu, usinitazame!" Akajifunika uso kwa leso, akasimama hapo hapo.

Kofia akaruka mtoni, suti na yote. Maji yalimfika kifuani, kofia ikaenda zake. Akiwa huko chini, amegeuza uso, akapaza sauti: "Mpisheni mama! Daraja limefunguliwa!"

Tukarudi kinyumenyume hadi ukingoni, mama akavuka, mguu wa kwanza kulimaliza daraja. Nasi, kwa kuwa hakuna aliyetukataza, tukaimba "Karibu mgeni wetu". Muhula ule hatukukosa shule hata siku moja.

Siku hizi daraja ni la saruji, bado laitwa la Kofia, na wajukuu wangu hudhani Kofia alikuwa mhandisi. Mkwe wangu, mume wa binti yangu, hunipigia simu ya video akiwa na fulana ya ndani: "Niaje, mathe!" Ndiyo "hujambo, mama" ya siku hizi. Nampenda, lakini macho yangu hutafuta kichaka.

Madaraja tumepata mengi. Wa kuruka majini kwa ajili ya heshima, sijui kama amebaki.

Wewe unayesoma, Mungu akuvushe salama kila mto, na wakwe zako akukutanishe nao mahali penye nafasi.