Uji Ambao Haukuonjwa

Sijui kama nakumbuka sawasawa, maana nilikuwa msichana wa darasa la saba na niliogopa sana. Naandika niliyoyaona, mengine siyajui.

Dada yangu aliugua malaria, akawa anatapika hata maji. Miaka ile maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yamefunguka kila kona ya mtaa wetu wa Kirumba. Mama akanunua vidonge vya kuzuia kutapika, akafungiwa kwenye kipande cha gazeti. Asubuhi hiyo bibi jirani wa chumba cha pili, aliyekuwa akikausha samaki kwa moshi kwenye soko la Mwaloni, akaleta kikombe cha uji wa ulezi. Dada akameza kidonge kwa uji ule.

Kwetu anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, ujue hakina kitu. Bibi hakuonja. Nadhani aliona si vizuri kunywea kikombe cha mgonjwa. Hakuna aliyejali.

Mchana shingo ya dada ikaanza kujipinda. Kidevu kikaenda begani, macho yakapanda juu yakabaki meupe, ulimi ukatoka nje. Alikuwa anatusikia, maana machozi yalimtiririka. Ua likajaa watu.

"Leo amekula nini?" akauliza mjomba, aliyekuja kutoka Misungwi kumwona mgonjwa.

"Uji tu, wa bibi," mama akasema. Kidonge hakukitaja. Simlaumu, nani huhesabu dawa kuwa chakula?

"Aliuonja?"

Mama akatikisa kichwa. Watu wakageukia macho mekundu ya bibi. Ni moshi wa samaki ulioyafanya vile, na wote walijua. Lakini Usukumani vikongwe wameuawa kwa macho kama yale, wakiitwa wachawi.

"Shikamoo, mama," mjomba akasema.

"Marahaba."

"Mfungue mtoto."

"Nimfungue nini, baba? Mimi sikumfunga."

"Macho hayo, bibi, jana hukulala? Ulikuwa safarini?" kijana mmoja akadakia. Wenzake wakacheka. Mmoja alikuwa ameshika panga.

Bibi akaketi kizingitini pake. "Mpelekeni hospitali. Akirudi hivyohivyo, mimi nipo hapa, sikimbii."

Mjomba alitaka dada apelekwe kwa mganga Misungwi, ila mama alikwishambeba mgongoni. Basi mjomba akabaki, akaketi akimkabili bibi. Niseme haki: alimpenda sana dada.

Kule zahanati, nilikowafuata, daktari aliuliza jambo moja tu: "Amemeza dawa gani?"

Mama akafungua fundo la khanga, akatoa kile kipande cha gazeti. Daktari akavigeuza vidonge kiganjani.

"Vidonge hivi huwapinda shingo baadhi ya watu, hasa vijana. Si dawa mbaya, ila huyu imemkataa."

Akamchoma sindano. Niliikodolea macho ile shingo huku nikiwaza kizingiti cha bibi. Ilikaa vilevile, ikakaa, kisha ikaanza kulegea kidogokidogo. Dada akameza mate.

"Nina kiu," akasema.

Tuliporudi nyumbani, dada aliingia uani kwa miguu yake. Mama akatangaza kwa sauti, "Ni vidonge!" Vijana wakatawanyika. Mjomba akainuka, akakung'uta suruali, akasema, "Haya." Radhi hakuomba. Labda hakujua aanzie wapi.

Jioni mama akapika uji, akampelekea bibi kikombe kimejaa. Bibi alikuwa bado kizingitini. Hakukipokea.

"Onja kwanza, mwanangu."

Mama akaonja. Nilisubiri bibi acheke, hakucheka. Alimtazama mama mpaka alipomeza, ndipo akanyoosha mikono yote miwili.